Jiwe la Shemeji

Jumamosi, 4 Mei

Balaa! Dada amevishwa pete. Na fundi friji! Jiwe la bluu, eti yakuti, kubwa kama punje ya mahindi. Mama amepiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nimetabasamu kwa adabu, kisha nikaenda kujifungia bafuni.

Dada akiolewa, nani atanisemea? Yeye ndiye huniagizia soda. Yeye ndiye humwambia daktari panaponiuma. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na zote mbili nazinyamazia vizuri.

Kwa hiyo harusi isiwepo. Mpango: jiwe ni kioo. Lazima liwe kioo! Fundi friji yakuti ataitoa wapi? Nikithibitisha, dada atamwona tapeli na kumrudishia pete yake. Samahani, shemeji. Sina ugomvi na wewe.

Jumapili, 5 Mei

Dada kavua pete afue. Nimeipumulia. Kitabu cha vito nilichoazima maktaba kinasema kioo hukaa na ukungu, jiwe la kweli hujisafisha upesi. Ukungu umetoweka kabla sijafunga mdomo. Sijakata tamaa. Kitabu kinasema pia jiwe la kweli ni baridi kwenye ulimi. Nikalitia mdomoni. Baridi kama kijiko cha asubuhi!

Dada akaingia. Akauliza kama nimeiona pete. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama nimemkasirikia. Nikatikisa tena. Akaketi kitandani, akanieleza habari za mapazia, rangi kwa rangi, na mimi mate yananijaa. Hakushuku chochote. Katika nyumba hii, mimi kutosema si habari.

Jumatatu, 6 Mei

Dada anakanda unga kwenye duka la mikate na pete haruhusiwi kuivaa kazini, kwa hiyo mchana huiacha kwenye droo. Vizuri sana.

Kitabu: yakuti hukwaruza kioo, kioo hakikwaruzi kioo. Nilikusudia kuchora kidogo tu pembeni mwa kioo cha kabati. Mkono ukanogewa. Sasa kila ajitazamaye amekatwa kutoka bega mpaka nyonga. Jiwe halina hata alama.

Mama kamlaumu seremala. Baba kasema yeye alishaonya kuhusu seremala yule. Nimewaunga mkono kwa kunyamaza.

Jiwe si kioo. Nimelia kidogo.

Jumanne, 7 Mei

Nimeokoka! Kuna ukurasa niliuruka kwa sababu maneno yake yalikuwa marefu. Leo nimeusoma na kamusi pembeni. Kumbe yakuti hupikwa! Watu wanaitengeneza kwa moto mkali. Ni yakuti kweli, undani wake ule ule, ugumu ule ule, baridi ile ile. Tofauti ni kuzaliwa: moja imekaa chini ya ardhi tangu enzi za enzi, nyingine imetoka tanurini kama mikate ya dada.

Kumbe kioo cha kabati kimeteseka bure. Kukwaruza hakuwezi kuzitenganisha. Lazima uchungulie ndani. Ya ardhini aghalabu ina vidoa, na mistari yake imenyooka. Baadhi ya zile za kupikwa zina mistari iliyopinda, kama alama za mwiko kwenye uji. Kioo chenyewe huwa na viputo vya mviringo.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda shule na pete ndani ya soksi. Nimechechemea njia nzima.

Maabarani, wenzangu wakitazama ngozi ya kitunguu, nimeisukuma chini ya hadubini. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akauliza naona nini. Nikasema kitunguu. Neno langu la kwanza muhula huu! Alifurahi hata hakuangalia. Akaamuru darasa linipigie makofi.

Mistari imepinda! Ya tanurini! Shemeji, umekwisha.

Alhamisi, 9 Mei

Kulisema mwenyewe, siwezi. Nimemnong'oneza mama mdogo. Mama mdogo ni msusi. Ukimwambia jambo, vichwa vyote mtaani vinaondoka nalo.

Shemeji alialikwa chakula cha jioni. Mama mdogo akainua kijiko: "Hebu tuambiane ukweli hapa. Jiwe lenyewe la kupikwa!"

Shemeji akamaliza kutafuna. Akasema ndiyo, la kupikwa. Dada naye akasema ndiyo, amelichagua mwenyewe, muuzaji aliwaeleza wazi, na wameona heri hilo la bei nafuu ili wajinunulie tanuri na kufungua duka lao la mikate. Mama mdogo akanigeukia: "Wewe Bibi Kimya, umeniaibisha!"

Hapo mama akavua hereni zake za harusi, nyekundu, akataka nazo nizichungulie. Baba akapaliwa na maji. Nikachukua lenzi ya baba ya kusomea gazeti. Viputo! Kama soda! Nikamtazama baba. Baba akatazama dari.

Nikasema nzuri. Wote wakaelewa.

Mama kacheka mpaka kashika meza. Walizinunua pamoja kwenye kibanda, kasema, na baba alibembeleza bei mpaka muuzaji akaomba kiti. Kioo kilichokatwa vizuri nacho hung'aa, kasema, tena bila deni. Baba akashusha pumzi. Miaka yote hii alidhani mama amesahau kwamba ni kioo, na hakuthubutu kumkumbusha.

Ijumaa, 10 Mei

Dada ameniuliza kwa nini. Nimetazama miguu yangu mpaka ikaona haya. Kisha nikasema: ukiondoka, nani atanisemea?

Alicheka, halafu akaacha. Akasema anahamia nyuma ya shule yangu tu, nitapita kila siku kula mkate wa moto. Kisha akauliza ile mistari niliijuaje. Nikamweleza. Ya ardhini, ya tanurini, kioo, ukungu, ulimi. Akataka kujua ulimi wa nani. Nimefukuzwa chumbani kwa mto.

Jumamosi, 11 Mei

Adhabu: nipeleke pete kwa sonara ipunguzwe. Peke yangu! Nilisimama mlangoni mpaka mteja mmoja akauliza kama mimi ndiye mwisho wa foleni. Nikaingia. Nikasema ipunguzwe. Sonara akauliza jiwe gani, na mdomo ukafunguka wenyewe. Tumezungumza mpaka mkewe akamletea chakula. Nimerudi nyumbani nikiruka.

Harusi imeharakishwa. Baba anasema ifungwe kabla mtoto huyu hajakagua kitu kingine.

Jioni shemeji amekuja kunipongeza. Amesema hana kinyongo, akanicheka kwa upendo. Nimeyatazama meno yake. Meupe. Yamelingana yote, kama vigae vipya vya bafuni. Mtu anazaliwa na meno vile? Thubutu!

Jumatatu naazima kitabu cha meno. Mama mdogo nimeshamdokezea.