Mtoto wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mwalimu katangaza kwamba Alhamisi nesi anakuja kutuchanja. Wenzangu wameshangilia kwa sababu kipindi cha hesabu hakitakuwepo. Mimi nimelishika bega langu pale pale. Sindano nimeshaiona: inaingia begani, inatokea upande wa pili, inamchoma na jirani yangu wa dawati.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana! Shangazi anafanya usafi zahanati. Anasema chupa moja ya chanjo ni ya watoto kumi, na ikifunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Nesi hafungui chupa nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Darasani tuko arobaini na mmoja. Nikiwa wa mwisho kwenye foleni, nimepona. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 5 Machi

Yule mwenzetu tunayemwita Mafua hakuja shule! Mwaka mzima anakuja na makamasi yake, leo ndiyo kaamua kulala. Bila yeye tuko arobaini kamili, na wa arobaini ni mimi. Nikakimbia kwao na machungwa mawili. Nikamwambia darasa zima linamlilia. Mama yake akafuta machozi, akasema hajawahi kuona rafiki kama mimi. Niliona aibu, ila si sana.

Alhamisi, 6 Machi

Mafua kaja, begi nimembebea mimi. Kwenye foleni nilifunga kamba za viatu mara sita ili wote wanipite. Nikawa nahesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Mafua, arobaini! Chupa ikaisha. Nikasikitika kwa sauti kubwa, kwamba basi tena, sina bahati.

Nilizidisha. Nesi akasema mtoto mwenye hamu hivi hawezi kumwacha. Mwalimu akakumbuka kuna tisa wa darasa la chini yetu waliokosa wiki jana. Tisa na mimi, kumi! Nikawekwa mbele ili niwatie moyo wadogo. Darasa langu lote limejaa madirishani. Nililia kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake. Aliyenishika mkono ni Mafua.

Ijumaa, 7 Machi

Bega linauma. Mwalimu anasema chanjo ya pili ni baada ya wiki sita, na wale tisa watachanjwa pamoja nasi. Hamsini kamili! Nimepiga hesabu, anahitajika mtoto mmoja tu zaidi. Jioni wamehamia majirani wapya, wana binti wa rika langu. Nimeshamweleza mama yake kwamba shule yetu haina mfano, hasa upande wa afya.