Diski ya Chambo

Jumanne, 3 Juni
Mama mkwe anakuja Jumapili. Anataka filamu ya harusi yetu. Si kwa ajili yangu, sijidanganyi. Baada ya katikati kuna hotuba ya marehemu baba mkwe, na tangu tumzike mzee, mama mkwe hajaisikia sauti yake. Deki yetu inakubali diski tu. Nikajipiga kifua: kazi hiyo niachieni mimi! Filamu ina giga saba. Diski yangu, giga nne na ushee. Kompyuta imekataa. Nikaandika GIGA 8 juu ya diski kwa kalamu nene. Imekataa tena.

Jumatano, 4 Juni
Kapita shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi kompyuta. Ananiita bwana mkubwa, na tabasamu lake lile. Akanieleza bila kuombwa kwamba kompyuta haipimi chochote. Inaiuliza droo ya diski, droo inasoma ukubwa ulioandikwa kiwandani ndani ya diski yenyewe, kisha inajibu. Jibu hilo kompyuta inalishikilia mpaka droo iiambie kwamba diski imebadilishwa. Akaniachia diski yake tupu ya giga nane. Mwekee mama filamu humu, akasema. Ahaa! Ili Jumapili asifiwe yeye? Thubutu!

Ijumaa, 6 Juni
Mimi ni mtu hatari. Droo ina kitundu cha dharura. Ukichomeka pini inafunguka, na kompyuta yangu hii kuukuu haiambiwi kitu! Nikaweka diski ya shemeji. Ikasoma giga nane. Nikaitoa kwa pini, pole pole, pumzi nimeibana, nikaweka yangu. Bado giga nane! Imeingia mkenge! Nikaanza kurekodi. Baadaye yakatokea maandishi mekundu. Sikuyasoma. Wivu tu. Nikaonja dakika tano za mwanzo, safi kabisa. Diski ya shemeji nimeifungia kabatini, mpya vilevile.

Jumapili, 8 Juni
Sebule imejaa. Mama mkwe kiti cha mbele, leso mkononi. Filamu inakwenda, sifa zinanijia. Raha iliyoje! Kisha baba mkwe akasimama, akashika kipaza sauti, akakohoa. Akaganda. Mdomo wazi. Nikaipiga deki kofi. Wapi! Shemeji akauliza diski yake iko wapi. Mke wangu akafungua kabati. Sikujua pa kuuweka uso.

Mama mkwe hakunigombeza. Akautazama ule uso ulioganda, akaimalizia hotuba mwenyewe, neno kwa neno: kwamba binti yao kapata mume asiyejua analofanya, ila analifanya kwa moyo wote, basi tumvumilie. Akacheka. Kisha akalia, nami nikalia. Nampenda sana mama huyu. Akasema maneno anayo, anachokitaka ni sauti. Atasubiri hadi kesho jioni.

Jumatatu, 9 Juni
Amri ya mke wangu: weka diski ya shemeji, bonyeza, usiguse kitu kingine. Nimetubu. Pini nimeitupa. Shemeji alipopita nikamkumbatia, nikamwomba radhi. Nikamwuliza pia, kwa upole, kama ana diski ya giga hamsini ya kuniazima kwa dakika mbili tu. Maana giga nane kwa filamu ya saba ni kubanana, na mama anastahili nafasi.

Pini nimeiokota.