Trekta la Babu Liwake Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Mjomba Alfredi kaja asubuhi kutangaza kwamba trekta dogo la marehemu Babu linaondoka Jumamosi. Mnunuzi wa chuma chakavu atalifuata na lori lake la Kanta kutoka Masasi. Mjomba anataka nafasi ya kuanikia korosho. Ni kweli, limelala miaka sita chini ya mkorosho na kuku wanalitagia. Lakini zamani lilivuta mapipa ya maji kutoka bombani. Tangu life, Bibi Severina anapanda kilima na ndoo kichwani.

Bibi hakubisha. Alishika upindo wa kanga akaanza kufuta kiti cha trekta, taratibu, kama anayemwosha mgonjwa.

Ndipo nikasikia mtu anasema, "Linawaka."

Mtu huyo alikuwa mimi. Tangu Pasaka sijamwambia Mjomba neno zaidi ya shikamoo. Akaniangalia kama mbuzi kamsalimia. Kisha akahukumu: likiwaka Jumamosi mbele ya macho yake, linabaki. Lisipowaka, asisikie kilio cha mtu. Mwanawe Kasiani, anayetengeneza bloa, mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa, hapa Chilangala nzima, alicheka mpaka akashika mti. Akasema mimi Oliva hata chafya naiombea ruhusa.

Haliwaki. Sijawahi hata kuligusa.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata kitabu cha trekta kwenye sanduku la Babu. Cha Kiingereza. Niko kidato cha tatu, nimepata B ya Kiingereza, nikaona nimeokoka. Nimeelewa maneno yote isipokuwa yale yanayohusu injini.

Nimetoa mayai saba chini ya kiti na kiota cha panya ndani ya bomba la moshi. Nimefungua kabureta, nimeisugua kwa mswaki, nimeirudisha. Zimebaki skrubu mbili. Nimezificha ndani ya soksi ili zisinitazame.

Jumatano, 18 Juni

Kumuuliza Kasiani siwezi. Atasimulia mpaka Newala mjini. Nimeamua kumpeleleza. Nikakaa karibu na kibanda chake na ungo wa karanga, namenya, masikio nimeyatega. Alikuwa anamgombeza mteja aliyeleta bloa: petroli bila oili ni kuua injini, lazima uchanganye, lita moja ya petroli kwa vifuniko viwili vya oili. Nikaandika kwenye kiganja.

Baada ya saa nzima akaniambia bila kugeuka, "Mdogo wangu, sasa hayo unayomenya ni maganda."

Jumla ya karanga nilizoleta nyumbani: Bibi anasema hazitoshi hata kumshawishi kuku.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Masasi kununua plagi ya injini. Dukani niliwapisha watu wanne kwa sababu wao walikuwa na sauti. Zamu yangu ilipofika muuzaji akauliza nataka nini. Nikanyoosha kidole. Bahati nzuri kilielekea kwenye plagi. Pia nimerudi na chupa ya maji ya breki. Aliniwekea kwenye mfuko na sikujua namna ya kukataa. Trekta halina breki za maji. Nimeangalia mara tatu.

Sijala. Tumbo linaunguruma kuliko injini.

Ijumaa, 20 Juni

Ukurasa wa nne wa kitabu unasema usichanganye oili kwenye petroli, oili ina tundu lake. Nimeusoma mara mbili. Nikaona kitabu kimeandikwa na watu wasiolima korosho. Hapa kwetu kila mtu anachanganya. Nikachanganya, tena nikaongeza vifuniko vitatu kwa heshima ya umri wa trekta.

Nimevuta kamba ya kuwashia mara sitini na moja. Kimya. Plagi imelowa oili chapachapa.

Kasiani akapita, akanusa, akaanza kusema, "Oliva, hiyo si bloa..." Nikamkatiza. Nikasema naanika tu vyombo. Akaangalia trekta, akaniangalia, akaenda zake.

Bibi leo ameteleza na ndoo. Maji yote yamemwagika. Amekaa kidogo kando ya njia, halafu amerudi bombani. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 21 Juni

Kanta ilifika saa tatu. Mnunuzi, Mzee Nurdini, akashuka na minyororo. Bibi akaomba akae kwenye kiti mara ya mwisho, akapandishwa. Mjomba akaniambia nivute basi, watu wana kazi.

Nilikausha plagi kwa sketi yangu ya shule. Nikavuta. Nikavuta. Mara ya tisa likakohoa, likawaka, likatoa moshi mweupe mpaka sikuona mikono yangu. Mama Cyril, jirani, akatoka anafoka: nani anapulizia salfa saa hizi bila taarifa, na yeye kaanika mboga? Bibi akatafuta pa kujishikilia, akashika gia. Trekta likaondoka naye. Lilizunguka mkorosho mara mbili, likapita juu ya minyororo ya Mzee Nurdini, likazimikia kwenye tairi la Kanta.

Moshi ulipopungua Bibi alikuwa bado ameshika usukani. Alikuwa anacheka. Sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Mjomba alisema amesema likiwaka linabaki, na limewaka. Mzee Nurdini akaondoka na jembe bovu tu.

Walipotawanyika Kasiani alikuja kimya, akamwaga mchanganyiko wangu wote, akaweka petroli tupu, na oili akaitia kwenye tundu lake. Likaunguruma bila moshi. Mjomba alipouliza nani fundi, akasema, "Oliva." Nikainama. Sikukanusha.

Jumatatu, 23 Juni

Bibi amepeleka mapipa mawili bombani, amekaa juu kama mkuu wa wilaya.

Jioni Mama Cyril amekuja na bloa yake. Haiwaki, na mikorosho yake imeanza ugonjwa. Alikuwa anaipeleka kwa Kasiani. Nikasikia mtu anasema, "Iache hapa, mama." Basi. Nimeshakuwa fundi.

Kazi nimeimaliza kwa nusu saa. Nilikuta petroli yao imechanganywa na oili, maskini, hawajui. Nimeimwaga yote nikajaza petroli tupu. Imewaka mara ya kwanza, bila moshi kabisa. Nimemwambia kesho apulizie tangu alfajiri bila kuizima, na awaambie majirani wenye bloa wote waje.