Mwanangu wa Miezi Kumi na Sita Hana Kipato

Delta Junction, Alaska
2 Aprili

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ritani za Kodi za Watoto, au yeyote aliye zamu,

Natumaini hujambo na kazi zinasonga. Sisi huku tu wazima, theluji imeanza kulainika, ila mimi nina uchungu.

Jumapili mke wangu Renata alikuwa akijaza fomu zetu za kodi. Akainua kichwa akasema, "Baba Otto, mtoto naye inabidi awasilishe ritani. Lile gawio la fedha za mafuta ambalo Alaska humpa kila mkazi, hata mtoto, limevuka kiwango cha mtegemezi asiyetozwa kodi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimkabidhi Otto fomu kwa heshima zote. Akaila kona ya juu, ile ya jina na anwani.

2. Fomu inauliza kazi yake. Nimemchunguza wiki nzima: anaangusha vijiko, tangu alfajiri, bila likizo. Kama hiyo ni kazi, naomba aingizwe kwenye pensheni.

3. Mnasema asiyeweza kusaini asainiwe na mzazi. Yaani niape mbele ya sheria kwa niaba ya mtu ambaye juzi alizamisha ufunguo wa gari kwenye uji, kisha akanikazia macho kama hajui lolote. Simdhamini.

4. Akishakuwa mlipa kodi, atataka kuona kodi yake inafanya nini. Ataulizia barabara yetu. Atagombea bodi ya shule kabla ya kuanza shule. Nami nitaishi nyumba moja na mwananchi mwenye hasira, asiyevaa suruali.

5. Hili ndilo kubwa. Otto hajaiona hata dola moja. Gawio lake liliingia Oktoba kwenye akaunti yangu, likalala siku mbili, likaenda mjini Fairbanks kununua pikipiki ya theluji, nyekundu, nzuri ajabu, ambayo naiendesha mimi peke yangu kwa kuwa Otto hafikii usukani. Naipenda mno pikipiki ile. Sasa mtu asiyepokea, asiyetumia wala kuendesha, ana kipato gani?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mumfute kwenye orodha yenu. Niko tayari kuapa popote kwamba fedha zile hakuzigusa yeye, nilizigusa mimi.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa wanaofungua bahasha. Otto anawapungia kijiko.

Wako mtiifu,
Gordon Brandvold

Tanbihi: Renata ameisoma barua hii. Namba tano ameirudia mara mbili, akasema, "Kwa hiyo umeiandikia serikali kwamba hela za mtoto umekula wewe? Haya, ziingie kwenye fomu yako, ulipe kwa kiwango chako wewe mtu mzima. Na pikipiki tunaiuza ulipie kodi hiyo." Ningeandika barua nyingine, ila karatasi iliyobaki Otto ameimaliza. Tafadhali hesabuni kwamba sikusema kitu. Otto ana kipato. Pikipiki ni yake, nimeshaandika jina lake ubavuni kwa rangi nyeupe. Ritani yake imo humu, imekosa kona tu, na nimesaini kwa niaba yake. Kwenye kazi nimejaza "mmiliki wa pikipiki". Nimemwomba ruhusa niende posta na pikipiki yake. Amefikiri kwa muda mrefu, kisha akaangusha kijiko. Nimechukulia kwamba amekubali.