Tundu Jingine Kwenye Mkanda

Redio ya Fundi Viatu ilitangaza kwamba mheshimiwa mmoja amepelekwa ng'ambo kwa ndege kuchunguzwa tumbo, benchi zima la pale kibandani kwake likachachamaa. Mwanasheria, ambaye sheria yenyewe aliisomea papo hapo benchini, alitaka kujua ni tumbo la namna gani linalohitaji paspoti. Dada wa saluni ya jirani akasema wakubwa hata chafya yao ina msafara.

Aliyechukia kuliko wote alikuwa Chuma, mpakia mizigo wa ghala la saruji, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuumwa, na kama aliwahi, hakukiri.

"Kudeka tu huko," alisema. "Mimi hili tumbo linanisumbua tangu kabla ya mvua, na mifuko nabeba. Nani kanipandisha ndege?"

Akavua mkanda wake, akampa Fundi. "Niongezee tundu, kaka. Suruali inashuka."

Fundi alishika msharasi wa kutobolea, akaugeuzageuza mkanda, asitoboe.

"Haya matundu yote ya huku nimetoboa mimi, msimu huu huu. Unajinyima kula?"

Chuma akajibu kwamba hajinyimi, ila siku hizi matonge mawili tu ameshiba, tena ni mazoezi ya kazi hayo. Dada akauliza ni mazoezi gani yanayoanza kwa kula mashavu. Mwanasheria akaleta hoja ya tangawizi. Akaambiwa anyamaze, maana tangawizi hiyo Chuma ameinywa hadi inamtoka puani, juu yake vidonge vya dukani vya kubahatisha, na tumbo liko pale pale.

"Na chooni je?" Dada akauliza.

Chuma alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukakataa kutoka.

"Cheusi," akasema taratibu. "Kama lami. Siku kadhaa sasa."

Hakuna aliyecheka. Chuma mwenyewe, kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake, aliketi benchini. Alikuwa anaogopa, tena tangu zamani, ndiyo maana alikuwa anapiga kelele kuishinda redio.

"Hiyo inaweza kuwa damu," Dada alisema. "Pengine ni vidonda tu, vinatibika. Pengine sivyo. Atakayejua ni daktari akishakupima, na ni leo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mwanasheria akadakia, kwa mara ya kwanza akisema kitu chenye maana.

Fundi alikuwa bado amekunja uso. "Yaani mheshimiwa anayekwenda kupimwa ndiye mjinga, na wewe unayetibu tumbo kwa kutoboa mkanda ndiye mwenye akili?"

"Nitaenda wiki ijayo, mizigo ikipungua."

Fundi akautundika mkanda kwenye msumari, juu ya rundo la viatu vilivyoshonwa vikajaa vumbi.

"Unaviona hivi? Wenyewe nao walisema watapita wiki ijayo."

Chuma akaviangalia, kimoja baada ya kingine. Kisha akainuka, akakamata suruali kiunoni kwa mkono mmoja. Ule mwingine Dada akaushika, wakashika njia ya hospitali.

"Akikuta foleni si atatoroka?" Mwanasheria akauliza.

"Atakimbilia wapi," Fundi akasema, akivuta uzi, "bila mkanda?"