Bima na Vifungo vya Sindano

Habari ilitoka kwenye simu ya Reverien, ambaye kijiweni pale karibu na stendi ya Kasulu wanamwita Spika kwa sababu akianza yeye hakuna mwingine anayesikika. Bima yao imekubali: kuanzia mwezi huu italipia tiba kazi.

"Hiyo naihitaji," alisema Nduwayezu. Huyu ni Kamati. Hakuna kamati mjini asimokuwamo, hata za misiba ya watu asiowajua. "Tangu nistaafu, kazi inanikimbia."

"Kazi ilianza kukukimbia hujastaafu bado," alisema Asmahani, muuza kahawa wao, huku akimmiminia kikombe.

"Sio hivyo," Spika alifafanua, ingawa alikuwa amesoma kichwa cha habari tu. "Ni kwamba mgonjwa anatibiwa kwa kufanyishwa kazi. Unafika mkono umepooza, wanakupa jembe."

Tharsisi aligusa mfuko wake. Yeye ndiye fundi cherehani wao, Sindano, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani tangu kiharusi kilipompitia mwezi wa tatu. Mfukoni alikuwa na fomu ya tiba hiyo, inayotakiwa hospitali kesho asubuhi, na bila fomu hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Alikuja kuwaomba wamjazie, sasa akaona aibu.

"Jembe hakuna," alisema mwishowe. "Dada Ininahazwe wa pale hospitali alikuwa akinipa maharage na mahindi yaliyochanganywa, niyatenganishe kwa vidole. Nilienda mara tatu. Dirisha la malipo wakasema bima haiijui tiba hiyo, nikaacha."

Spika alicheka mpaka akashika goti. "Maharage? Mke wangu huu ni mwaka wa thelathini anachambua maharage. Na yeye bima imlipe."

"Mkeo mzima. Aliyepooza ni wewe, unayekaa tu ukimtazama," Asmahani alimjibu.

Hapo Sindano akapata upenyo, akaitoa fomu kwa mkono wa kushoto. Kamati alivaa miwani, akakohoa kama yuko mbele ya wajumbe, akasoma: Mgonjwa anataka aweze kufanya nini tena?

"Ego, sawa, hapa tusicheze," alisema. "Bima haitoi hela kwa jambo dogo. Naandika: kukuza uchumi wa mkoa."

"Andika kushona kanzu ya askofu," alisema Asmahani.

"Ila kucheza drafti msiandike," Spika aliwahi. "Kwa kushoto tu ananifunga kila siku. Wa kulia ukipona, mimi nahamia Kibondo."

Sindano alicheka pamoja nao, lakini moyoni alikuwa anaumia. Akaona asiposema leo hatasema tena.

"Andika vifungo."

"Vya kanzu?"

"Vya suruali yangu. Kuvifungua na kuvifunga." Hakuinua macho. "Mke wangu, Mama Esteri, yuko Murungu, anamuuguza dada yake. Tangu Jumapili kijana wa jirani hunifungulia asubuhi tu kabla ya shule, usiku nalala na suruali hii. Na kahawa yako, dada Asmahani, nainusa tu, naimwaga mkiangalia pembeni. Nikiinywa itabidi niende chooni, na huko nani ananifungulia?"

"Si uvae ya mpira," alisema Spika, safari hii taratibu.

"Ya mpira ni ya kulalia, bwana. Miaka ishirini na sita nawashonea vifungo mji mzima, halafu mimi nitoke na ya mpira?"

Asmahani aliishika birika bila kummiminia mtu. Kamati akaandika vilevile alivyoambiwa, neno kwa neno, uchumi wa mkoa akauacha. Kisha akamwekea fomu gotini, maana sahihi lazima iwe ya mgonjwa mwenyewe.

Sindano alikamata kalamu kwa mkono wa kulia. Ilimponyoka mara mbili, Spika akaiokota mara zote mbili bila kusema kitu, na kwa Spika hilo si jambo dogo. Herufi zilipanda, zikashuka, nyingine ikatoka nje ya mstari kabisa.

"Hii ni sahihi au ramani ya barabara ya Gwarama?" Spika aliuliza.

Sindano akacheka, na safari hii alicheka kweli.

"Lete nikuandikie upya, itoke vizuri," alisema Kamati, mkono tayari umeshafika kwenye karatasi.

Sindano aliivuta fomu kifuani. "Acha hivyohivyo, mzee. Bima wakiuliza ushahidi uko wapi, wataanza kusoma hapo."