Mashine Inayotaka Mtu Mzito

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema, isipokuwa kwa Bwana Nadhifu, ambaye bado hajui kwamba mwisho wake umefika. Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana anatafuta mtu wa kukata nyasi za uwanja wao wa michezo, kila wiki mbili, mwaka mzima. Sharti ni moja tu: uwe na mashine ya kukalia, si ya kusukuma. Majaribio Ijumaa ya tarehe 14. Mimi sina ya kukalia. Nina mbili za kusukuma na shemeji mmoja wa kuzisukuma.

Bwana Nadhifu anayo. Nyekundu. Huyu ni mshindani wangu, mtu anayepiga pasi ovaroli. Mwaka huu ameshaninyang'anya wateja watatu, na asubuhi hii kapita mbele ya nyumba yangu juu ya mashine yake, akipunga mkono kama bwana harusi.

Nimemwambia mke wangu nanunua. Hakukataa. Tukipata uwanja, kaka yake, yaani huyo shemeji, anabaki kazini. Tukiukosa, sijui nitamtazama vipi usoni, na mkewe anatarajia mapacha mwezi ujao. Mke wangu akaniandikia mambo ya kuuliza: upana wake, vipuri vyake, na nani ataitengeneza ikiharibika. Nikaikunja karatasi vizuri, nikaitia mfukoni. Kazi hii naifanya mwaka wa sita. Maswali ninayo kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji kijana, shati limechomekewa. Swali la kwanza: bustani unazokata zina ukubwa gani? La pili: kuna miteremko? La tatu: mageti ya wateja wako yana upana gani? Nilidhani nimekwenda kununua mashine, kumbe nimekwenda kuomba viza.

Akanionyesha moja ndogo, mpya, yenye dhamana ya miaka miwili, unalipa kidogo kidogo. Akasema kwa biashara ya ukubwa wangu hiyo inatosha kabisa.

Ukubwa wangu! Neno hilo limenikaa kooni mpaka sasa. Ile nyekundu ya Bwana Nadhifu ingeimeza hiyo na kubaki na njaa. Nikapanda kubwa kuliko zote, nikashika usukani, nikauliza bei. Nikashuka kwa heshima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata. Mkandarasi mmoja mstaafu anauza yake, kubwa, kwa theluthi ya bei ya dukani. Mwenyewe ni pande la mtu: alipoketi kwenye benchi kunikaribisha, mimi niliyekuwa upande wa pili niliinuka kidogo. Akaiwasha mashine. Ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakabadilisha makazi. Akaizungusha uani mara mbili, akashuka, akanishika bega.

"Mdogo wangu, nikwambie ukweli," akasema. "Mashine hii inataka mtu mzito."

Nikamwambia amempata.

Sijawahi kusifiwa na mtu nisiyemjua ndani ya dakika kumi. Inaonekana usoni, basi. Nililipa bila kuuliza chochote, maana mtu mzito haulizi maswali madogo madogo. Fedha iliyopungua niliipata jioni kwa kuuza mashine zote mbili za kusukuma kwa mtu wa vyuma chakavu. Shemeji aliziaga kwa macho.

Jumamosi, 8 Machi

Inazimika.

Nikikaa, inawaka. Nikienda hatua tatu nikakutana na kishimo, inazimika. Nimekata nyasi za uani kwangu kwa vipande, kama mtu anayenyolewa na kinyozi mwenye kwikwi. Nikamwita fundi. Akainama chini ya kiti, akacheka peke yake, kisha akaniambia kwa sauti ya daktari kwamba mashine haina ugonjwa. Chini ya kiti kuna swichi. Mtu akiinuka, injini inajizima ili visu visimkate. Springi ya kiti imekakamaa kwa kukaliwa miaka mingi na mtu wa kilo mia na ishirini. Kwa hiyo nikirushwa kidogo tu, mashine inaona hakuna mtu.

Nina kilo hamsini na nne. Kuna mambo hupendi kuambiwa na kiti.

Nikamwomba aiunganishe swichi moja kwa moja. Akakataa katakata. Akasema alishawahi kuokota kiatu kwenye nyasi, na hakikuwa kitupu. Springi mpya inaagizwa, wiki tatu. Majaribio ni Ijumaa.

Kisha Shemeji, ambaye hakuombwa, akakaa kujaribu. Kilo mia na kumi. Injini ikaimba kama cherehani. Akauzunguka mti wa mpera, akapita pembezoni mwa kamba ya nguo bila kugusa hata soksi, akarudi akitabasamu. Nikamwambia ashuke, analiharibu kapeti la kiti. Kiti hakina kapeti.

Jumapili, 9 Machi

Nimekula kifungua kinywa mara tatu. Mizani ya mke wangu haijasogea. Nimejaribu na ndoo ya mchanga mapajani: usukani ukapotea. Nimevaa koti la mvua na mawe mifukoni: mashine ikakubali, koti likachanika. Mke wangu akaja mlangoni, akauliza kwa upole kwa nini asiendeshe kaka yake. Nikamwambia bosi ndiye anayeendesha. Akauliza kama hivyo vimeandikwa mahali.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya, naiandika kwa ufupi.

Kazi ya kawaida kwa mjane wa nyumba ya kona. Ni mteja wangu tangu mwanzo kabisa. Tumefika, mashine haipiti getini. Imezidi kiganja kimoja. Shemeji akapima kwa reki, nikapima kwa reki ileile, ikawa vilevile. Nikamshauri mama aling'oe geti, akilitazama vizuri ni la zamani. Akajibu kwamba hata marehemu mumewe ni wa zamani na hajamng'oa kaburini. Akataka nitumie ya kusukuma. Nikamwambia nimeziuza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya.

Baada ya saa moja alikuwa amempigia simu Bwana Nadhifu. Nami bado nilikuwa barabarani nikijaribu kuigeuza mashine. Akaja na ya kusukuma. Niliitambua kwa kipini chake, nilikifunga mwenyewe kwa waya wa bluu. Kainunua kwa yule wa vyuma chakavu, kainoa. Dakika ishirini akawa amemaliza. Aliponipita alivua kofia akanisalimia kwa adabu zote, akaniuliza watoto hawajambo. Afadhali angenicheka.

Karibu na nyumbani Shemeji akauliza tu, bila kuniangalia, kama kazi ipo mwezi ujao. Nikamwambia ipo. Sauti yangu haikunisaidia.

Ijumaa, 14 Machi

Majaribio. Nusu ya uwanja kwa Bwana Nadhifu, nusu kwangu. Wasichana madirishani. Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye saa ya mkononi anayoitazama kama inamdai, amesimama mstarini.

Nilikuwa nimejifunga mfuko wa saruji tumboni, ndani ya ovaroli. Ovaroli ni ya Shemeji, ndani ya yangu saruji haienei. Nilipanda kwa shida, nikawasha, nikaenda vizuri kabisa mpaka katikati ya uwanja. Hapo mfuko ukapasuka. Saruji ikatoka kwa chini, miguuni, taratibu, na kila ilivyotoka mimi nikawa mwepesi. Ikazimika. Nikawasha. Ikazimika. Madirishani walikuwa wanahesabu kwa pamoja, na nidhamu ya shule ile lazima niisifu, hawakukosea namba hata moja. Walifika kumi na mbili.

Mwalimu Mkuu akaja. Hakuniuliza mimi. Alimwita Shemeji aliyekuwa kivulini.

"Wewe unaweza kuiendesha hii?"

"Ninaweza, mwalimu. Ila bosi ni yeye."

Kusema hivyo, mbele ya watu wote, wakati mimi nimesimama na saruji kwenye soksi! Nilitazama pembeni kidogo.

Akapanda. Upana uleule uliogoma getini ulimaliza nusu yetu wakati Bwana Nadhifu yuko robo tatu ya yake, na mistari ilinyooka kama ya daftari. Mwalimu Mkuu akatazama saa, akasema kazi ni yetu. Kisha akanigeukia.

"Lakini aendeshe yeye. Wewe utakusanya nyasi."

Nikasema ndiyo, mwalimu. Bwana Nadhifu akampa Shemeji mkono. Akanipa na mimi, na kitambaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumba ina furaha. Mke wangu kamkumbatia kaka yake, kisha mimi, mpangilio huo nimeuona. Barua ya shule imekuja. Imeandikwa jina la Shemeji, na chini yake "pamoja na msaidizi". Shemeji aliona haya, akataka irudishwe ikasahihishwe. Nikamwambia aache. Mapacha watahitaji baba mwenye barua.

Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona. Wakati nakusanya nyasi jana nilijikwaa mara nne: uwanja ule una mabonde. Mji mzima hakuna mtu anayesawazisha viwanja. Bwana Nadhifu hana hata wazo hilo. Na mchana huu dalali mmoja kanipigia, ana rola la kushindilia barabara, la chuma, tani tatu, mwenye nalo anahama na anauza kwa bei ya kutupa. Tani tatu! Hapo hakuna kiti kitakachoniuliza nina kilo ngapi.

Dalali anasema kuna watu wengine wawili wanalitaka, kwa hiyo nimeshatuma nusu ya fedha. Mke wangu nimemwambia naenda kumjulia hali mgonjwa.

Kesho nakwenda kuliona.